Mipira, TIPS au upasuaji wa mchepuko: miaka inayofuata baada ya kutapika damu

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mtu akitapika damu beseni zima, neno la kwanza kusikika uani ni karuho. Jirani anasema amelishwa sumu, mjomba anamjua mganga wa kumtapisha, na kabla jua halijazama mgonjwa ameshanyweshwa mizizi huku mshipa uliopasuka ndani ya umio wake ukiendelea kumwaga. Kama hali ndiyo hiyo nyumbani kwenu sasa hivi, acheni kusoma, mpelekeni hospitali.

Naandika kwa ajili ya familia iliyokwisha kuvuka hapo. Fibroskopi, kamera inayopitishwa mdomoni kuangalia umio na tumbo, imefanywa, daktari amesema ni varisi, yaani mishipa ya umio iliyovimba, damu imesimama, na sasa mnaambiwa mchague. Wengine mmetajiwa kufungwa mishipa kwa mipira pamoja na vidonge. Wengine mmepigiwa simu na ndugu aliye India akiwasifia TIPS, stenti inayowekwa ndani ya ini bila kupasua tumbo. Wengine daktari wa upasuaji amewachorea mishipa nyuma ya karatasi ya maabara. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wanaume, na baba yangu mdogo alipita njia hii, kwa hiyo nimeyaona haya nikiwa nimevaa blauzi nyeupe na nikiwa nimelala sakafuni kando ya kitanda chake.

Swali ambalo kila familia huniuliza ni hili: ipi itazuia damu isirudi? Ni swali la haki, ila halitawasaidia sana kuchagua, kwa sababu michepuko, yaani njia mpya za kupitisha damu pembeni, TIPS ikiwemo, karibu yote inazuia damu vizuri. Tofauti zao zinaonekana baadaye: akili ya mgonjwa itakuwaje mwakani, ini litabaki na nguvu gani, na atalazimika kurudi mara ngapi kurekebishwa. Na kabla ya hayo yote kuna jambo moja linaloamua mengine: presha ilipanda kwa sababu gani.

Mapito ya damu

Damu yote itokayo kwenye utumbo na bandama hukusanyika katika mshipa mmoja mkubwa, mshipa wa lango, kisha huingia kwenye ini. Ini likiwa gumu, au lango likiziba, damu hutafuta njia za panya, kama watu wanavyofanya mpaka wa Ruzizi ukifungwa. Hupita kwenye vimishipa vyembamba vya umio na vya juu ya tumbo, ambavyo havikuumbwa kubeba mzigo huo. Kwa mtu mwenye afya, tofauti ya presha kati ya mshipa wa lango na mishipa inayotoka kwenye ini ni milimita 1 hadi 5 za zebaki. Ikifika 10, varisi huanza kujitokeza. Ikifika 12, zinaweza kupasuka. Mchepuko ni barabara mpya inayopitisha damu pembeni ili presha ishuke chini ya hapo.

Sasa sababu. Wengi ninaowahudumia wana sirosisi: ini limejaa makovu kwa ajili ya hepatiti B, hepatiti C, au pombe za kasiksi na kanyanga za miaka mingi. Hao ini lenyewe limechoka. Kundi la pili ni la kichocho cha tumbo. Mayai ya mnyoo Schistosoma mansoni huganda kwenye vimishipa vya lango na kuviziba, lakini nyama ya ini hubaki nzima kabisa. Wagonjwa hawa hutujia zaidi kutoka Uvira na tambarare ya Ruzizi, vijana wenye bandama iliyoshuka hadi kitovuni na macho meupe yasiyo na manjano hata kidogo. Kundi la tatu ni watoto na vijana ambao mshipa wa lango umezibwa na bonge la damu, mara nyingine kwa sababu kitovu kiliingia wadudu walipokuwa wachanga.

Wote watatu wanatapika damu ileile. Lakini ini la wa kwanza halina akiba, na la hao wawili linayo. Familia ikinionyesha karatasi ya fibroskopi peke yake, huwa nawauliza ekografia (ultrasound) na vipimo vya ini viko wapi, maana bila hivyo hakuna cha kulinganisha.

Mipira na vidonge

Kila mchepuko lazima upimwe kwa kulinganishwa na njia hii, kwa kuwa ndiyo ambayo miongozo huanza nayo kwa mgonjwa wa sirosisi aliyekwisha kutoka damu. Daktari huingiza fibroskopi na kukaza mpira mdogo kwenye kila mshipa uliovimba, mshipa unanyauka. Kazi hii ilianzia Colorado, Marekani, mwaka 1986. Inarudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka varisi ziishe. Pamoja nayo mgonjwa anameza propranololi, dawa ambayo madaktari wa Ufaransa walionyesha mwaka 1981 kwamba inapunguza kurudi kwa damu, au karvediloli.

Mwenye sirosisi asiyefanyiwa chochote baada ya kutoka damu mara ya kwanza, takriban 60 kwa 100 hutoka tena ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa mipira na vidonge pamoja, au vidonge kwanza kisha mipira kwa wale ambao vidonge havikuwatosha, majaribio mawili ya Ulaya nitakayoyataja chini yalipata 26 na 29 kwa 100. Kwa hiyo bado mmoja kati ya wanne anarudi na beseni. Faida yake ni kwamba damu inaendelea kupita kwenye ini, hakuna barabara mpya inayopeleka taka za utumbo moja kwa moja kichwani.

Udhaifu wake hapa kwetu naujua vizuri. Mgonjwa anafungwa mipira mara moja, anajisikia mzima, harudi. Au vidonge vinaisha na mwezi huo karo ya watoto imemaliza pesa. Propranololi hairukwi hata siku moja. Namfundisha kila mgonjwa kuhesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima: tunatafuta 55 hadi 60. Akizidi sana, dawa ni kidogo. Akianza kuona kizunguzungu akisimama, au presha ya mkono ikashuka chini ya 90, asiache dawa kimyakimya, aje tuongee.

TIPS

Hii haipasui tumbo. Daktari anaingia kwa sindano kupitia mshipa wa shingo, anashuka mpaka ndani ya ini, anatoboa njia kutoka mshipa unaotoka kwenye ini hadi mshipa wa lango, kisha anaweka stenti, kibomba cha waya kinachoshikilia njia hiyo wazi. Binadamu wa kwanza aliwekewa stenti hiyo Ujerumani mwaka 1988. Stenti za zamani zilikuwa waya mtupu na zilikuwa zinaziba ovyo. Jaribio lililochapishwa 2004 lilizilinganisha na stenti zilizovikwa utando wa plastiki: kwa wastani wa mwaka hivi, zilizovikwa ziliharibika kwa wagonjwa 13 katika 100, za waya mtupu 44. Kwa hiyo mkisoma takwimu za TIPS, angalieni kwanza ni stenti ipi. Takwimu za kabla ya hapo zinaionea.

Zile za stenti zilizovikwa ni hizi. Ujerumani, 2015: katika miaka miwili damu ilirudi kwa 7 kati ya 100 waliowekewa TIPS, na 26 kati ya 100 waliopewa njia nyingine. Uholanzi, 2016: hakuna hata mmoja wa TIPS aliyetoka damu tena, dhidi ya 29 kwa 100 upande wa mipira na vidonge. Ushindi mkubwa. Lakini katika majaribio yote mawili, idadi ya walioishi ilikuwa karibu sawa kwa pande zote. Damu ilizuiwa, umri haukurefuka, kwa maana ini lilikuwa linaendelea kufa kwa mwendo wake.

Kuna hali moja ambapo TIPS ilirefusha maisha. Mwaka 2010 jaribio la Ulaya lilichukua watu wenye hatari kubwa, wenye ini dhaifu na wanaotoka damu, likawawekea TIPS ndani ya saa 72. Baada ya mwaka 86 kwa 100 walikuwa hai, dhidi ya 61 wa matibabu ya kawaida. Naumia kila nikisoma hayo, sababu saa 72 zetu huishia kutafuta mifuko ya damu, kuvuka mpaka na kusubiri pasipoti. Wagonjwa wote wa TIPS niliowahudumia katika wodi yetu walikuwa wamewekewa nje ya nchi, wiki au miezi baada ya damu kusimama. Msiambiwe kwamba manufaa ya saa 72 yatakuwa yenu kama mnasafiri mwezi ujao.

Sasa niseme bei yake isiyoandikwa kwenye risiti. Damu ya utumbo inabeba amonia na taka nyingine ambazo ini huzisafisha. Ikipita pembeni, taka zinafika kwenye ubongo. Madaktari wanaita ensefalopathia. Kwenye jaribio la Ujerumani ilitokea kwa 18 kati ya 100 wa TIPS, dhidi ya 8. Kwenye la Uholanzi, mwaka wa kwanza, 35 dhidi ya 14. Stenti nyembamba ya milimita 8 inachanganya watu wachache kuliko ya milimita 10, na inazuia damu vilevile, kwa hiyo ulizeni kipenyo.

Baba mdogo alikuwa fundi cherehani kule Kadutu. Alikuwa na sirosisi ya hepatiti B, damu ilirudi mara tatu licha ya mipira, ukoo ukachanga akaenda India. Tangu siku hiyo hakutapika damu tena hata tone. Mwezi wa nne mke wake akanipigia kwamba mzee analala mchana na usiku anatembea nyumbani akikunja nguo za wateja. Nikaenda na daftari la shule. "Baba, niandikie jina lako na tarehe ya leo." Akaandika. Siku hiyo jina lilikaa kwenye mstari. Tukakubaliana aandike kila asubuhi kabla ya chai. Siku ya tisa herufi za mwisho zilikuwa zimeteremka mstari mmoja na nusu, na tarehe ilikuwa ya mwaka uliopita. "Mama, mbona nimeandika vizuri," aliniambia, akinionyesha kwa kidole chenye kastabini. Asubuhi hiyohiyo alikuwa amekata suruali ya mteja miguu miwili ya kushoto.

Tulimrudisha kwa laktulosi, sharubati ya kulainisha choo, akipimiwa mpaka aende haja laini mara mbili au tatu kwa siku, na tukagundua kwamba alikuwa amefunga choo siku tano. Herufi zikapanda tena. Miaka iliyofuata mambo yalikwenda hivyo: wiki nyingi nzuri, kisha kufunga choo au homa ndogo, na daftari linatuonya siku mbili kabla mke wake hajaona lolote. Aliendelea kushona, ila hakukata tena kitambaa bila mwanawe kusimama karibu. Mtu huyo aliishi. Nataka mjue tu ni maisha ya namna gani mnanunua, na kwamba lazima mtu mmoja nyumbani awe macho yake.

Jambo dogo: msimnyime nyama, maharagwe wala sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Ushauri huo wa zamani umeachwa, unamkondesha tu.

Michepuko ya kisu

Asili ya hofu ya nyama ni hapa. Eck, Mrusi, aliunganisha mshipa wa lango na mshipa mkuu wa chini katika mbwa mwaka 1877. Mwaka 1893 Pavlov na wenzake walieleza jinsi mbwa hao, wakilishwa nyama, walivyochanganyikiwa na kuzimia. Whipple wa New York aliifufua operesheni hiyo kwa binadamu mwaka 1945, na kwa miaka 30 hivi ndiyo ilikuwa tumaini. Huu ni mchepuko mzima: damu yote inaliacha ini. Kutoka damu tena ni nadra mno. Lakini majaribio ya miaka ya 1960 na 1970 yalionyesha wagonjwa wa sirosisi hawakuishi zaidi. Walioponywa damu walikufa kwa ini kushindwa, na wengi walichanganyikiwa. Tena unavuruga mishipa kwa yeyote anayetegemea kupandikizwa ini baadaye. Kwa sirosisi, mkitajiwa mchepuko mzima kama mpango wa miaka, ulizeni kwa nini.

Warren, Mmarekani pia, alikuja na wazo bora mwaka 1967. Mshipa wa bandama unakatwa kutoka kwenye lango na kushonwa kwenye mshipa wa figo la kushoto. Varisi zinamwagikia bandama, bandama inamwagikia figo, na damu ya utumbo inaendelea kwenda kwenye ini. Mchepuko teule. Kasoro yake ni kwamba kadiri miaka inavyokwenda, hasa kwa wanywaji, vimishipa vipya huota kupitia kongosho na kuivuta damu ya ini upande huo, hivyo uteule unapungua.

Je, Warren na TIPS, ipi? Hili lilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 140 wenye ini la nafuu, matokeo yakatoka 2006. Damu ilirudi kwa 5.5 kwa 100 upande wa Warren, 10.5 upande wa TIPS, tofauti ambayo haikuwa na uzito kitakwimu. Kuchanganyikiwa: nusu ya wagonjwa pande zote mbili, angalau mara moja. Walio hai baada ya miaka mitano: 62 na 61. Unaweza kusema ni kitu kimoja, mpaka ufike kwenye namba ya mwisho: waliohitaji kurudi kurekebishwa walikuwa 11 kwa 100 kwa Warren, na 82 kwa 100 kwa TIPS.

Stenti zilikuwa za waya mtupu, na leo pengo hilo lisingekuwa pana vile. Hata hivyo, mimi ninayeishi mahali ambapo kurudi kurekebishwa ni ndege na viza, namba hiyo naiona kuwa nzito kuliko zote katika makala haya. TIPS ni uhusiano wa kudumu na chumba cha mionzi. Upasuaji ukifaulu, hospitali ya kawaida yenye ekografia ya Doppler, ile inayoonyesha damu ikitembea mishipani, inatosha kuufuatilia. Tatizo ni kuupata mkono wa kuufanya. Mabingwa wanaoifanya Warren mara kwa mara wamebaki wachache dunia nzima, na operesheni hii mikononi mwa anayeifanya mara moja kwa mwaka sitaipendekeza kwa mtu wangu.

Kichocho, na mshipa uliozibwa

Kwa kijana wa Uvira mwenye kichocho, hesabu inageuka. Brazil, ambako ugonjwa huu ni mwingi, walilinganisha operesheni tatu na kuwafuatilia wagonjwa kwa miaka mingi: kuondoa bandama na kuunganisha mshipa wake kwenye figo, mchepuko wa Warren, na kuondoa bandama pamoja na kukata vimishipa vyote vinavyolisha varisi, bila kutengeneza mchepuko wowote. Ya kwanza ilichanganya akili za watu na kuua zaidi, hata ikasimamishwa. Ya tatu ndiyo iliyoacha akili salama kuliko zote. Ini la kichocho ni zima, kuliondolea damu yake ni kulipora bure.

Kwa hiyo kama sababu ni kichocho, mtu akiwaambia muuze shamba mkatafute TIPS kwanza, ulizeni juu ya operesheni hii isiyo na mchepuko, ambayo daktari mzuri wa upasuaji wa jumla anaweza kuifanya. Bado atahitaji fibroskopi na mipira baadaye, kwani varisi zinaweza kurudi. Na prazikuanteli, dawa ya kuua minyoo ya kichocho, la sivyo anarudi mtoni na minyoo ileile.

Bandama nayo ina deni lake. Asiye nayo huweza kufa kwa homa ndani ya siku moja. Chanjo za bakteria za pneumokoka, meningokoka na Hib zitolewe walau wiki mbili kabla ya kisu. Baada ya hapo kila homa ni safari ya hospitali usiku huohuo, na malaria kwake si jambo la kungoja asubuhi.

Kwa mtoto mwenye bonge kwenye mshipa wa lango, kuna operesheni iliyobuniwa Brussels mwaka 1992 inayoitwa Rex. Wanachukua mshipa wa shingo wa mtoto mwenyewe na kuunganisha damu ya utumbo na tawi la kushoto la lango ndani ya ini, wakiruka palipoziba. Kati ya yote niliyoyataja ndiyo pekee inayorudisha damu kwenye ini, ndiyo maana haileti kuchanganyikiwa, na watoto hukua vizuri zaidi. Haiwezekani kwa kila mtoto, lazima tawi hilo liwe wazi. Mtoto wa namna hii asifanyiwe mchepuko mwingine kabla mtu hajaangalia kama Rex inawezekana.

Mkiwa mbele ya daktari

Kwa sirosisi, mimi ningeanza na mipira na vidonge, na kutibu chanzo bila kulegea: tenofoviri kwa hepatiti B, dawa za kumeza zinazoponya hepatiti C, na kuacha pombe kabisa, kasiksi ikiwemo. Damu ikirudi pamoja na hayo, na ini likiwa daraja A au B (A ni ini lenye nguvu bado, C ni lililochoka kabisa), TIPS ya stenti iliyovikwa, mkiwa na pesa ya safari ya pili mfukoni kabla ya kufunga ile ya kwanza. Ini la daraja C, lenye manjano mazito, au mgonjwa ambaye tayari anachanganyikiwa, TIPS ya kupanga inaweza kulimaliza. Huyo mazungumzo yake ni ya kupandikizwa ini, au ya kumtunza vizuri pale alipo, na hilo la pili si aibu.

Ingieni na maswali manne yaliyoandikwa. Chanzo cha presha ni nini, na kimeonekana kwa kipimo gani? Ini ni daraja gani, A, B au C? Njia hii mpya ikiziba au akili ikichanganyika, nani ataifungua au kuipunguza, mji gani, kwa pesa ya nani? Ekografia ya Doppler ya kwanza ni lini, na zinazofuata kila baada ya miezi mingapi? Daktari akishindwa kuwajibu la tatu, ombeni kuonana na mwingine kabla hamjauza kiwanja.